Weusi haurushwi: maswali yenu ya projekta, kuanzia Newala hadi Kilwa

Toleo lililopita nilijibu swali moja tu la projekta, la dada wa Lindi ambaye picha yake ilikuwa safi upande mmoja na ina ukungu upande mwingine (mashine ilikuwa imekaa kiupandeupande, ukuta na lensi havikutazamana, akaigeuza kidogo yakaisha). Tangu siku hiyo simu haijatulia. Meseji zimekuja nyingi mpaka nimeona ukurasa wote wa leo uwe wa projekta, na nimechukua yale yanayogusa watu wengi. Mi hizi mashine nazifungua kila siku hapa Mtwara mjini kwaiyo naandika ninachokiona kwenye meza yangu.

SWALI, mwenye banda la mpira, Newala:
Kaka habari za kazi. Nimenunua projekta mpya, boksi limeandikwa lumeni 9,000. Mechi za usiku picha iko poa kabisa ila zile za saa tisa na nusu na saa kumi inapauka mpaka watu hawatofautishi jezi, juzi wateja wameanza kudai buku zao. Nimepandisha mwanga kwenye menyu hadi mwisho, ndo imezidi kupauka. Nirudishe dukani?

JIBU: Salama kaka, pole na wateja. Usiirudishe kwanza, tuelewane kitu kimoja ambacho ukikishika hutasumbuka tena na projekta yoyote.

Leo usiku washa mashine yako halafu iambie ioneshe weusi mtupu. Angalia ukutani unaona nini, utaona ukuta wako. Hakuna mashine inayorusha weusi, mwanga mweusi haupo. Suruali nyeusi ya refa unayoiona pale ni sehemu ambayo mashine imejizuia isimwage mwanga, basi, ule weusi wenyewe ni giza la banda lako. Sasa saa tisa mchana banda lako lina giza gani? Bati lina matundu ya misumari ya zamani, mlango uko wazi watu wanaingia na kutoka, kwenye dari na kuta kuna nafasi. Mwanga wote huo unatua ukutani palepale ambapo mashine imeacha pasipo na kitu, weusi unakuwa kijivu, afu nyekundu ya jezi inachanganyikana na weupe wa mchana inakuwa pinki.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mashine inatoa lumeni 3,000 za kweli (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka) na picha yako ni mita 3 kwa mita 2, yani mita 6 za mraba, kila mita inapata 500. Kama jua linaloingia bandani linaweka 300 kwenye huohuo ukuta, basi nyeupe yako ni 800 na nyeusi yako ni 300. Nyeupe haifiki hata mara tatu ya nyeusi! Usiku ile 300 inaondoka, nyeusi inashuka karibu na sifuri, ndo maana unaona picha nzuri kwa mashine ileile. Sasa punguza picha iwe mita 2 kwa mita 1 na sentimita 33, eneo linashuka chini ya mita 2.7 na kila mita inapata zaidi ya 1,100. Mashine haijaongezeka nguvu, umeikusanya tu.

Kwaiyo mechi za mchana sogeza mashine mbele picha ipungue, ziba matundu, weka pazia zito mlangoni na lingine hatua mbili ndani ili mtu akifungua la kwanza la pili liwe limefunga. Kama unatumia shuka, weka kitambaa cheusi nyuma yake, maana shuka inapitisha mwanga na ule unaopita umeupoteza. Kwenye menyu rudisha mwanga katikati. Kile kipengele ulichopandisha kinainua sehemu nyeusi zisiwe nyeusi, ulikuwa unamwaga maji kwenye uji uliokwisha kuwa mwepesi.

Na hizo 9,000. Kipimo cha maana kinaitwa lumeni za ANSI, mwanga unapimwa sehemu 9 za picha, unapigwa wastani, unazidishwa na eneo la picha. Boksi likiandika lumeni tupu bila neno ANSI, hiyo namba mara nyingi haina uhusiano na kinachofika ukutani. Hizi ndogo za LED ninazozifungua zina kioo kimoja cha LCD (kile kinachochora picha kwa kuzuia au kupitisha mwanga) na nyingi mwanga wake wa kweli ni wa mamia, hata elfu moja haufiki. Usiku kwenye chumba zinafaa. Saa tisa mchana Newala juu kule kwenye jua lile, hapana kaka. Ukinunua nyingine uliza ANSI, asiyejua usimpe hela.

SWALI, mzee wa Mikindani:
Mwanangu, miaka ya sabini gari la sinema lilikuwa likija hapa, wanafunga kitambaa cheupe kati ya minazi miwili, jenereta linanguruma kule mbali, na ile mashine inalia tketketketke usiku kucha. Sisi watoto tukikosa nafasi tunakaa nyuma ya kitambaa na tunaona vilevile, ila maandishi yanakwenda kinyume. Siku moja picha ilisimama, ikaingia doa la kahawia katikati likatanuka kama karatasi inayoungua, watu wakapiga kelele. Nimeishi na hilo swali. Ule mkanda ulikuwa picha za kawaida tu, nilikiokota kipande nikakitazama juani, picha zimepangana kama ngazi hazisogei. Mtu alikuwa anatembeaje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na ninaomba nikujibu kwa kirefu, wengine mnivumilie.

Ulichokiona kwenye kile kipande ndo ukweli wenyewe, picha hazisogei. Mkanda wenye sauti unapita picha 24 kila sekunde, na kila moja ikifika mbele ya taa inasimama. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanadhani mkanda unateleza tu mbele ya taa kama maji. Ungeteleza hivyo ungeona ukungu wa mistari mtupu. Lazima usimame, uonyeshe, uondoke, usimame tena, mara 24 ndani ya sekunde moja.

Fikiria cherehani mzee. Chini ya mguu wa cherehani kuna meno, sindano ikiwa juu meno yanavuta kitambaa hatua moja, sindano ikishuka kitambaa kimetulia. Vuta, tulia, vuta, tulia. Louis Lumière wa Ufaransa alieleza mwenyewe kwamba wazo la kuvuta mkanda alilipata kwenye cherehani, na tarehe 28 Desemba 1895 yeye na kaka yake Auguste wakaonyesha sinema kwa watu waliolipa kiingilio, kwenye chumba cha chini cha mgahawa mmoja Paris. Zile mashine za magari ya sinema kwa kawaida zilikuwa za mkanda wa milimita 16, zina ukucha mdogo wa chuma unaoingia kwenye tundu la pembeni ya mkanda, unashusha picha moja, unachomoka, unapanda, unaingia tundu linalofuata. Ile tketketke yako ndo huo ukucha! Mashine kubwa za majumba ya sinema, za milimita 35, hazitumii ukucha, zina gurudumu lenye umbo la msalaba ambalo linageuka robo mzunguko na kusimama kabisa.

Sasa, mkanda ukiwa unavutwa usionekane. Mbele ya taa kuna kipangaboi cha bati chenye mapanga mawili au matatu kinazunguka, panga linaziba mwanga wakati ukucha unavuta. Panga la pili linaziba tena picha ileile ikiwa imesimama, na hili liliwekwa kwa makusudi, maana mwanga ukiwaka mara 24 tu kwa sekunde jicho linaona unapepesa na kichwa kinauma, ila ukiukata kila picha mara mbili unapata mimweko 48, ukiukata mara tatu unapata 72, jicho linatulia. Yani mzee, katika ile saa nzima mliyokaa chini ya minazi, kitambaa kilikuwa giza kwa muda mrefu sana, karibu nusu ya muda wote kwa baadhi ya mashine. Hamkuona giza hata mara moja. Ukichukua kijinga cha moto usiku ukakizungusha haraka unaona duara zima la moto wakati kijinga kipo sehemu moja tu, macho na ubongo vinaunganisha. Mtu wa kwenye sinema alitembea ndani ya kichwa chako, mashine ilileta picha 24 na giza kati yake.

Kuhusu lile doa la kahawia. Taa ile ilikuwa inakusanywa na lensi mpaka kwenye kidirisha kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ni moto mkali sana, kinachouokoa mkanda ni kwamba hakuna picha inayokaa pale zaidi ya sehemu ndogo ya sekunde. Ukucha ukishindwa kuvuta, labda tundu limechanika, picha inakaa, inaanza kuiva katikati na nyie mnaiona ikiiva kwa ukubwa wa kitambaa kizima. Bahati nzuri mikanda ya milimita 16 tangu ilipoanza mwaka 1923 ilitengenezwa kwa asetati ambayo inayeyuka tu. Mikanda ya zamani ya 35, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, mingi ilikuwa ya nitrati na hiyo ikishika moto haizimiki kwa maji, majumba ya sinema yameungua kwa ajili hiyo.

Sauti nayo ilikuwa kwenye mkanda huohuo. Kile kipande ulichokiokota kama kilikuwa na mstari wa weusi na weupe wenye mawimbi pembeni, hiyo ndo sauti. Taa ndogo inamulika mstari, upande wa pili kuna kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme, mwanga ukipungua na kuongezeka umeme nao hivyohivyo mpaka kwenye spika. Ila sauti haitaki vuta tulia, inataka mkanda uteleze laini, kwaiyo inasomwa mbali kidogo na kidirisha cha picha, na kwenye mkanda wa 16 sauti ya picha fulani imechapwa picha (fremu) 26 mbele yake, zaidi kidogo ya sekunde 1. Fundi akipitisha mkanda vibaya, akafanya ule mkunjo wa kati kuwa mfupi au mrefu, mdomo unafumbuka sauti inakuja baadae.

Na kukaa kwenu nyuma ya kitambaa, nimemwambia huyo kaka wa Newala hapo juu aweke kitambaa cheusi ili mwanga usipite. Nyie mwanga uliopita ndo ulikuwa wenu.

Nikuongezee jambo moja la nchi yetu. Kabla ya hilo gari lenu, mwaka 1935 hadi 1937 palikuwa na majaribio ya filamu za mafunzo pale Vugiri, milima ya Usambara, wakatengeneza filamu hukohuko na kuzungusha lori lenye projekta na jenereta Afrika Mashariki na nchi za jirani. Kwaiyo sinema ya kwenye lori ina miaka mingi kwetu, wapo babu zetu waliiona kabla hawajaona taa ya umeme nyumbani.

SWALI, mwalimu wa sekondari, Nachingwea:
Projekta yetu ya shule ina mambo mawili. Picha juu ni pana chini ni nyembamba. Na kuna doa la njano upande wa kulia ambalo halitoki hata tukifuta lensi. Tunaitunza stoo, imefunikwa.

JIBU: Mwalimu habari ya Nachingwea. La kwanza ni jepesi, mashine iko chini inaangalia juu, mwanga unaokwenda juu unasafiri mbali zaidi kwaiyo unatanuka zaidi. Inua meza mpaka lensi ilingane na ukingo wa chini wa picha, nyingi zimetengenezwa zikae hapo. Kile kitufe cha kunyoosha picha kipo, ila kinanyoosha kwa kuibana picha ndani ya kioo, unapoteza pikseli (zile nukta zinazounda picha) na maandishi madogo ya wanafunzi wa nyuma yanafifia. Nyoosha kwa meza kwanza.

Doa ni refu kidogo. Mashine yenu kwa maelezo yako ni ya LCD ya vioo vitatu. Mwanga mweupe wa taa unafika kwenye vioo vinavyochagua rangi, kimoja kinarudisha nyekundu na kupitisha nyingine, kinachofuata kinatenga kijani na bluu, afu kila rangi inapita kwenye kioo chake kidogo cha LCD, kidogo kama stempu. Kioo hicho ni kama dirisha lenye mamilioni ya vipazia, kila pikseli inafungua au kufunga. Mwisho rangi zote tatu zinakutana kwenye kipande cha kioo cha pembe nne, zinaungana, zinatoka kwenye lensi moja.

Sasa njano ni nini kwenye mwanga? Nyekundu na kijani bila bluu. Kwaiyo pale kwenye doa bluu haipiti. Fanya hivi, tengeneza slaidi ya bluu tupu, kama doa linakuwa jeusi kwenye bluu na halionekani kwenye nyekundu wala kijani, tatizo liko kwenye njia ya bluu. Bluu ndo mwanga unaochosha zaidi, na ile karatasi nyembamba ya kuchuja mwanga iliyo mbele ya kioo cha bluu huwa ya kwanza kuungua, hasa kama joto halitoki. Kufuta lensi kwa nje hakutasaidia, fundi afungue abadilishe hiyo karatasi. Likiwa doa la duara laini lenye rangi moja na linaonekana zaidi picha ikiwa nyeusi, hilo vumbi, linapulizwa linaondoka.

Halafu mwalimu, nakuuliza kuhusu hiyo stoo. Shule nyingi huku kusini zina shamba la mikorosho, na nimeshapokea mashine tatu kutoka kwenye stoo ambazo mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, imekaa humohumo. Salfa ni unga mwepesi sana, unapanda hewani ukigusa tu mfuko, unaingia kwenye feni, unakwenda kukaa kwenye shaba na fedha za ndani na kuzifanya nyeusi. Mashine ya kwanza niliyoifungua kati ya hizo, soketi ya HDMI ilikuwa nyeusi kama sufuria la kuni na ndani ya feni kuna unga wa njano umeshikana na unyevu. Hamisha leo. Ofisini kwa mkuu, kabatini, popote pasipo na salfa. Na kile kichujio cha vumbi ubavuni kitoe kila mwezi kipindi cha kiangazi, kipulize kwa nje, kirudishe.

SWALI, mwanafunzi wa chuo, Masasi:
Kaka kwenye harusi ya binamu yangu nimerekodi ile picha ya projekta kwa simu, video imetoka na mistari ya rangi nyekundu, kijani na bluu inapita. Kwa macho ilikuwa sawa, ila nikigeuza shingo haraka niliona kama upinde wa mvua. Macho yangu yana shida?

JIBU: Macho yako mazima kabisa mdogo wangu, na umeona kitu ambacho wengi hawakioni. Hiyo ilikuwa mashine ya DLP. Ndani yake kuna chipu yenye vioo vidogo, kioo kimoja kwa pikseli moja, kwenye picha ya 1024 kwa 768 ni vioo 786,432 kwenye kipande usichoweza kukishika vizuri kwa vidole. Unywele mmoja wa kichwani ukiulaza juu yake unafunika vioo vitano sita kwa upana. Kila kioo kimekaa kwenye bawaba yake na kinainama nyuzi 12, upande huu mwanga unakwenda kwenye lensi, upande ule unakwenda kutupwa kwenye kipande cheusi ndani ya mashine. Alivumbua Larry Hornbeck wa Texas Instruments, Marekani, mwaka 1987.

Kioo hakina katikati, ni ndio au hapana. Kijivu kinapatikanaje? Kioo kinapigapiga maelfu ya mara kwa sekunde, kikikaa nusu ya muda ndani na nusu ya muda nje jicho linapata kijivu. Rangi nazo haziji pamoja. Mbele ya taa kuna kisahani cha vioo vya rangi kinazunguka, mashine nyingi mizunguko 120 kwa sekunde au zaidi, ikipita nyekundu vioo vinachora sehemu nyekundu za picha, ikipita kijani vinachora za kijani, kisha bluu. Ukutani hakujawahi kuwa na picha kamili ya rangi zote kwa wakati mmoja, kuna rangi zinazopokezana na ubongo wako unazikusanya. Simu yako inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, mstari wa juu umekuta nyekundu, wa kati umekuta kijani, ndo michirizi hiyo. Na ukigeuza shingo, nyekundu inatua sehemu moja ya jicho, kijani pembeni yake, bluu pembeni zaidi. Kwenye simu kama kuna sehemu ya kuweka kasi ya shata (muda simu inaopokea mwanga kwa kila picha) ishushe mpaka 1/60 au 1/50, mistari itapungua sana. Mashine za vioo vitatu vya LCD, kama ya mwalimu, hazina jambo hili kwa sababu rangi zote zinafika pamoja.

SWALI, mama anayekodisha vyombo vya sherehe, Ruangwa:
Tulikuwa kwenye sherehe ya kutoa wali (watoto wanaotoka jando na unyago), umeme ukakatika ukarudi, ukakatika ukarudi, mara ya tatu projekta ikalia paa na moshi mwembamba. Fundi kasema taa imepasuka. Imepasuka kwa nini wakati ilikuwa mpya?

JIBU: Mama pole, na pole ya gharama maana najua hizo taa bei yake. Taa ya projekta siyo kama balbu ya nyumbani. Ndani ya kijichupa cha kioo kigumu, kikubwa kama punje ya karanga hivi, kuna zebaki kidogo, umeme unaruka nafasi ya kama milimita 1 na zebaki inakuwa gesi yenye mgandamizo wa karibu mara 200 ya hewa tunayovuta. Joto lake linakaribia nyuzi 1,000. Ukizima kwa kitufe feni inaendelea dakika moja mbili, unaisikia, inaipoza. Umeme ukikatika feni inasimama palepale na joto lote linabaki ndani. Ukirudi na mashine ikawashwa papohapo unalazimisha kuruka cheche kwenye kitu ambacho bado kinachemka. Mara tatu usiku mmoja, kioo kimechoka.

Kuanzia sasa umeme ukikatika chomoa kabisa waya, subiri dakika 15 hata kama watu wanapiga kelele, ndo uwashe. Ukipata UPS (kile kiboksi cha betri kinachoshika umeme ukikatika) ndogo ya kubeba mashine tu, bila spika, itakupa dakika za kuizima taratibu. Na taa ikipasuka tena, fungua milango na madirisha, toa watoto nje, subiri hewa itoke, vipande usishike kwa mkono mtupu wala usivute pumzi karibu navyo, ile zebaki ni sumu. Ukiwa unatafuta mashine nyingine kwa biashara yako hiyo, mi ningekushauri ya leza au ya LED ya nguvu ya kweli, hazina kijichupa hicho, zinazima na kuwaka bila shida na taa zake zinakwenda masaa 20,000 wakati hizi za zebaki nyingi ni kati ya 2,000 na 5,000.

SWALI, kijana wa Kilwa Kivinje:
Projekta imeanza na nukta nyeupe moja, sasa zimejaa kama nyota. Tumebadili waya bado.

JIBU: Ni DLP, vioo vimekwama upande wa "ndio", havigeuki tena kwaiyo kila kimoja kinarusha mwanga muda wote. Waya hauhusiki. Chipu inabadilishwa, haitengenezwi. Chanzo mara nyingi joto, kwaiyo mwambie fundi asafishe feni na aweke dawa mpya ya kupitisha joto nyuma ya chipu, la sivyo na mpya itakwenda hivyohivyo.

SWALI, mtoto wa darasa la sita, Lindi (ameandika kwa simu ya mama yake):
Kwa nini picha inaonekana ukutani tu, hapo katikati hewani haionekani? Na kwa nini baba amesema lensi inageuza picha kichwa chini?

JIBU: Mwanangu nimefurahi sana umeandika. Mwanga hauonekani ukiwa njiani, unaonekana ukigonga kitu kikaurudisha kwenye jicho lako. Hewa safi haina cha kugongwa. Mwambie mama apeperushe unga kidogo mbali na mashine, mbele ya ule mwanga, utaona njia nzima imejaa rangi. Na ukiweka karatasi nyeupe katikati ya njia utapata picha ndogo yenye ukungu, kwa sababu lensi imepangwa ikusanye picha kule ukutani.

Baba yako yuko sahihi. Mwanga wa juu ya picha unapita kwenye lensi unakwenda chini, wa chini unakwenda juu, wanapishana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba. Ndo maana mkanda wa sinema ulikuwa unapachikwa kichwa chini ili ukutani watu wasimame. Hata lensi siyo lazima, tundu linatosha. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, wakubwa wako waulize, vile vidoa vya mwanga chini ya miembe na ndani ya nyumba zenye bati lenye matundu viligeuka kuwa vipande vya mwezi mchanga, kila kidoa ni picha ya jua.

Jaribu mwenyewe Jumamosi jua likiwa kali, lakini jua lenyewe usilitazame. Tafuta chumba chenye mlango unaoangalia uwanjani, funga madirisha, ziba kila upenyo kwa kanga na mablanketi mpaka usione mkono wako. Kwenye mlango ziba kwa boksi, boksi litoboe tundu dogo kama upana wa penseli. Kaa ndani dakika kumi macho yazoee giza, shika karatasi nyeupe hatua moja kutoka kwenye tundu. Utaona uwanja wenu, mwembe na rangi yake ya kijani, na kama mbuzi akipita utamwona anatembea kwenye karatasi miguu juu.